Namba Sita Kwenye Uwanja wa Mteremko

Niliingia Nyeri nikiwa juu ya magunia ya mahindi. Lori lilikuwa limetoka Kitale likielekea soko la Karatina, na dereva alikubali kunibeba kwa sharti kwamba nimsaidie kufunga turubai kila mvua inapoanza. Mvua ilianza mara nyingi. Eldoret tulinyeshewa, Nakuru tukakauka, na tulipofika Nyahururu gurudumu la nyuma likapasuka. Tukakaa kando ya barabara tukimngoja fundi wa pancha amalize chai yake, naye hakuwa na haraka. Kule kwetu tulidhani tunaijua baridi. Nilivaa jezi zangu zote, moja juu ya nyingine, nikaingiza mikono ndani ya njumu zangu za mpira kama glavu.

"Unaenda kucheza namba gani?" dereva akaniuliza.

"Sita."

"Sita ndiye nani?"

"Yule wa katikati. Mpira ukitoka nyuma kwenda mbele, unapitia kwake."

Akafikiri kidogo. "Kama Nakuru," akasema. "Ukitoka kwetu uende popote, utapitia Nakuru."

Tangu siku hiyo nimesikia makocha wenye vyeti wakieleza kazi ya kiungo kwa ubao na chaki, na hakuna aliyenifikisha mbali zaidi ya pale.

Kocha wa Nyeri ndiye aliyeniita. Aliniona kwenye mashindano ya shule za sekondari, akachukua namba ya simu ya mjomba wangu, na nilipomaliza kidato cha nne akapiga. Timu yake ilikuwa ya ligi ya chini, lakini ilikuwa na jezi, ilikuwa na wafuasi, na kila mchezaji alitafutiwa kibarua mjini. Mimi nilipelekwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja Mhindi. Familia yake ilikuwa Nyeri tangu enzi za babu yake, na alibishana na wateja kwa Kikuyu kilichonyooka kuliko cha baadhi yao. Asubuhi nilipima misumari na kubeba mabati, alasiri nikaenda mazoezini, jioni nikapanda kwenda mtaa wa Skuta, nilikopanga chumba kimoja. Nilikuwa na furaha. Nalisema hili mapema, kwa sababu watu wakisikia habari hii hudhani niliichukia Nyeri. Hadi leo nikisikia harufu ya moshi wa kuni na majani ya chai yaliyochemka sana, huwa narudi Skuta bila kupenda.

Shida ilikuwa uwanja. Ulikuwa na mteremko. Kulikuwa na goli la juu na goli la chini, na mpira ukiuweka katikati ukauachilia, ulikwenda wenyewe taratibu kuelekea la chini kama ng'ombe anayejua njia ya mtoni. Timu ilikuwa imejenga mchezo wake wote juu ya jambo hilo. Kipindi cha kwanza tulicheza tukipanda, tukijilinda tu, tukiwaacha wageni wachoke na hewa yetu nyembamba. Kipindi cha pili tuligeuka, na hapo kocha alisimama kwenye mstari na kutoa amri moja: "Rusha!" Kipa alirusha. Mabeki walirusha. Mpira ulipanda angani, ukashuka na mteremko, na mawinga wetu wakakimbia nyuma yake. Mji mzima ulijua hivyo. Wafuasi wengine hawakuja kabisa kipindi cha kwanza, walikuja cha pili wakiwa wameshakula.

Sasa namba sita hapo anafanya nini? Nilisimama katikati nikitazama mpira ukipita juu. Baada ya mechi, nilichoka shingo kuliko miguu.

Kocha alikuwa kipa zamani. Wiki ya kwanza nilimwendea.

"Kocha, naomba mabeki wanipe mpira mguuni."

Akanitazama kama nimeomba jambo la aibu. "Ati mguuni? Hii si chapati uletewe. Hapa mpira haitembei chini, kijana. Hapa mpira inapita juu."

Wachezaji wakacheka. Nahodha, beki wa kati mrefu aliyezaliwa hapo hapo mjini, alicheka pia, lakini baadaye aliniita kando. "Usijali, Kitale," akasema. Waliniita hivyo, kwa jina la mji wangu. "Huyu mzee amecheza hivi tangu tukiwa watoto. Wewe ngoja tu yenye inaanguka, uokote."

Sikuwa nimesafiri juu ya magunia ili niokote. Kila nilipopata mpira niliuweka chini, nikainua kichwa, nikatafuta mwenzangu. Wafuasi waliniita kila kitu. "Kitale, huko kwenu mpira ni ya kulala nayo?" "Mwachieni, anauliza bei!" Kocha akanitoa uwanjani mara kwa mara. Mechi iliyofuata nilifanya vilevile. Sikuwa na kiburi cha kutafuta sifa. Nilijua kitu kimoja tu vizuri hapa duniani, na sikuona sababu ya kukiacha mlangoni kama mwavuli.

Kisha ukaja mwezi wa saba, wenye baridi, na timu kutoka Murang'a. Kipindi cha kwanza hakuna aliyefunga. Tulipogeuka ili tuteremke, ukungu ukashuka kutoka upande wa milima ya Nyandarua ukakaa uwanjani. Refa alisimama katikati, akaangalia goli la juu, akaangalia la chini, akapuliza filimbi tuendelee. Sijui aliona nini.

"Rusha!" kocha akapaza sauti kutoka mahali fulani.

Kipa akarusha. Mpira ukaingia ukunguni na hatukuuona tena. Tulisikia ukidunda mbali, tukasikia watu wakicheka nje ya uwanja, halafu ukarudishwa. Akarusha tena. Mawinga wetu walikimbia wakiwa wameinua nyuso kama kuku wanaokunywa maji, na mmoja akamparamia refa. Lakini chini, kuanzia magotini kushuka, kulikuwa na mwanga kidogo. Miguu ilionekana. Nyasi zilionekana.

Nikarudi hadi kwa kipa wetu. "Nipe kwa mkono. Uviringishe."

"Kocha amesema nirushe."

"Kocha anakuona?"

Kipa akatazama kule kocha alikokuwa. Kulikuwa kweupe tupu. Akacheka, akauviringisha.

Nikaupokea, nikampa nahodha. Nikaona akisita, mguu wake tayari umerudi nyuma kuurusha, kisha akaushusha, akanirudishia. Tukaenda hivyo. Pasi fupi, mguu kwa mguu, kila mtu akiita kwa sauti ya chini mwenzake ajue alipo. Murang'a walikuwa bado wametazama juu. Wakati ule ulikuwa wangu: kila mpira ulipitia kwangu, na nilijua alipo kila mtu bila kumwona. Mwishowe nikampenyezea winga wa kulia kati ya mabeki wawili, akafunga. Tukashinda moja bila.

Kocha alitukimbilia, mikono juu. Hakuwa ameona chochote ila nyavu zikitikisika, na hata hizo nadhani alizisikia.

"Si niliwaambia?" akasema. "Rusha! Mmeona? Hata na ukungu, rusha!"

Nikatazama huku na huku.

"Kocha, hatukurusha," nikasema. "Hiyo goli ilitembea chini kutoka kwa kipa."

"Nani aliona?"

Nikamtazama nahodha. Akainama kufungua kamba za kiatu, na kamba zenyewe zilikuwa zimeshafunguka. Kipa akasema baridi imezidi, twende tukavae. Jioni ile nahodha alinifuata hadi Skuta.

"Niliona, buda. Mguu ni yangu, nitakosaje kuona?" akasema. "Lakini wewe utaenda siku moja. Mimi nitabaki hapa na huyu mzee."

Sikumkasirikia. Lakini sikumwambia hivyo, nilimwacha aende na wasiwasi wake.

Jumatatu kocha akagawa jezi. Yangu ilikuwa na namba tatu mgongoni. Beki wa kushoto. "Uko na miguu ya nguvu," akasema mbele ya wote. "Huko pembeni utajifunza kurusha. Msimu wote ujao wewe ni tatu. Hutaki, sema."

Nilikwenda nayo dukani kesho yake, nikamweleza mzee Mhindi habari yote wakati tukipanga mabati. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaonyesha masanduku ya misumari.

"Mteja akija anataka inchi tatu, mimi nampa inchi nne, nimwambie zote ni misumari?"

"Hapana."

"Sasa wewe ni inchi gani?"

"Sita."

"Hiyo sina wateja wengi hapa," akasema, kwa huruma kabisa, akarudi kwenye kaunta yake.

Nilikwenda uwanjani siku hiyo hiyo, begi begani, jezi namba tatu ikiwa bado imekunjwa kama nilivyopewa. Mazoezi yalikuwa yameanza. Nikaiweka mikononi mwa kocha.

"Utaenda wapi?" akaniuliza. Hakuwa na hasira, nadhani aliniona mjinga tu. "Namba sita wako kila mahali."

"Basi nitaenda huko kila mahali."

Na kweli nilikwenda. Nimecheza Thika, nimecheza Mombasa, nimecheza ng'ambo ya mpaka, katika viwanja vya mchanga na vya lami, na kote nilivaa sita au nilikaa nje. Sasa nimepita arobaini na bado sijakaa mji mmoja muda wa kutosha kuzoea majirani. Watu huniambia ningekubali namba tatu ningekuwa na nyumba Nyeri leo. Huenda. Ningekuwa na nyumba yenye beki wa kushoto ndani yake.

Siku ile nilitoka uwanjani kwa upande wa chini, kwenye uwazi wa ua unaotokea barabarani. Nyuma yangu nikasikia "Rusha!" na mpira ukapita juu ya goli la chini, ukadunda barabarani mbele ya viatu vyangu. Nikausimamisha. Wote wakasimama kule juu wakiningoja.

"Rusha, Kitale!" kocha akaita.

Nahodha alikuwa karibu zaidi, peke yake, mbele kidogo ya goli. Nikaweka begi chini. Nikaupitisha kwenye uwazi wa ua, chini kwa chini, kwa nguvu ya kutosha kupanda mteremko, ukaenda hadi mguuni pake. Akauzuia kwa wayo, akaukanyaga hapo, wala hakuurusha mbele. Alikuwa bado ameukanyaga nilipochukua begi langu na kushika barabara.