Feni ya Mzee Jindwadda

Mjini kwetu Multan, gari lisilo na swichi ya feni kwenye dashibodi ni gari la mgeni. Joto letu halina adabu. Feni ya rejeta, ile ya kupoza injini, ikigoma siku moja tu, fundi wa kwanza utakayemkuta anavuta waya kutoka kwenye betri, anaupitisha hadi ndani, anabandika swichi ya kengele ya mlangoni, basi, shughuli imekwisha. Washa mwenyewe, zima mwenyewe. Kwa nini feni iligoma? Hilo haulizi mtu.

Kigari cheupe cha Bakhtawar nacho kilikuwa na swichi hiyo, ila ilikaa upande wa abiria, kwa sababu aliyeibonyeza alikuwa mumewe.

Huyo mume, Mzee Jindwadda, aliendesha basi la Quetta hadi macho yalipomwangusha. Madaktari walifanya yao, ukungu haukuondoka. Siku moja alimpa mkewe funguo. Akazunguka gari kwa kupapasa, akakaa kiti cha kushoto. Bakhtawar alilia jikoni, akakisingizia kitunguu. Tangu hapo mzee hakuvuka tena barabara peke yake, wala hakujimiminia chai. Lakini ndani ya gari alikuwa na kazi. Alitega sikio, akanusa, akaweka kiganja juu ya dashibodi, halafu akasema, "Limepata joto," na kubonyeza. Injini haikuchemka hata mara moja. Na ole wako uguse swichi yake!

Sasa gari likaanza vituko. Asubuhi linawaka vizuri. Likishapata moto ukalizima sokoni, utajuta: linakohoa, linanuka petroli, linatoa moshi mweusi, haliwaki ng'o. Wakabadilisha plagi, wakabadilisha pampu ya petroli, wapi! Juzi liliwagomea mbele ya duka la halua, vijana wakalisukuma huku wakiwacheka, na mtoto wao Shaukat akapiga simu kutoka Lahore.

"Mama, liuzeni hilo. Mimi nitakuwa nawaitia teksi."

"Tutaona, mwanangu," alisema Bakhtawar. Kilichomuuma hakukisema. Teksi itampa babako kiti, lakini kazi haitampa.

Kabla ya kukubali akalipeleka kwa Wasaya, fundi aliyekuwa kondakta wa mzee enzi za basi.

"Karibu shemeji! Na wewe mzee, bado upo? Nilidhani Quetta wameshakujengea sanamu."

"Wamenijengea. Bahati mbaya wakaiwekea pua yako, watu wakakimbia."

Wasaya alicheka, akawasha injini, akaiacha ipate moto. Mzee akabonyeza swichi yake, feni ikavuma. Fundi akachungulia dashibodi. Sindano ya joto ilikuwa imelala chini kabisa, kwenye baridi.

"Hii imelala tangu lini?"

"Ah, hiyo ilikufa zamani," alisema Bakhtawar.

"Ilikufa siku ileile feni ilipogoma, njia ya Bahawalpur," alisema mzee. "Ndiyo tukatiwa swichi."

Wasaya aliguna. Akachomeka kipimo chake chini ya usukani, akasoma, akafuta kioo kwa shati, akasoma tena.

"Shemeji, hapa nje kuna joto gani?"

"Jehanamu tupu."

"Basi kompyuta ya gari inasema maji ya rejeta ni baridi kuliko barafu. Inadhani mko Skardu, mmekaa juu ya theluji!"

Akawaeleza. Kuna kidude kinaitwa sensa ya joto, kazi yake ni kuonja maji ya injini na kuiambia kompyuta. Hiki chao kilianza na uongo mdogo, na sasa kilikuwa kinasema uongo mtupu. Kompyuta nayo, maskini, inaamini, inamwaga petroli kama ya kuamshia injini iliyoganda. Asubuhi hakuna neno. Injini ikiwa ya moto, inazama kwa petroli.

"Ni kumvalisha mtu sweta mwezi wa Juni," alisema. "Na feni je? Nani anapepea barafu? Ndiyo maana iligoma. Ugonjwa ni mmoja, swichi ikauficha."

"Pengine ni waya," alisema mzee. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Hapo umenena kama dereva. Tuulize waya."

Wasaya alichomoa plagi ya sensa, akaunganisha matundu yake mawili kwa kipande cha waya. Namba kwenye kipimo ikaruka kutoka baridi kali hadi joto la mwisho. Kumbe waya ni mzima, na kompyuta inasikia vizuri ikiambiwa. Injini ilipopoa akafungua sensa yenyewe, akavuka kwa muuza chai, akaitumbukiza ncha yake kwenye maji yaliyokuwa yakianza kupata moto.

"Weee! Hiyo sufuria ya kulia riziki!" alifoka muuza chai.

"Nitaiosha, bwana, usinipigie kelele."

Maji yakachemka hadi yakaruka, lakini mita ya umeme aliyoiunganisha na sensa haikutikisika. Akatumbukiza sensa mpya kwenye maji hayohayo. Namba za mita, zinazopima ukinzani wa umeme, zikaanza kushuka taratibu kadiri sensa ilivyopata moto, kama inavyotakiwa. Hapo hata muuza chai alisogea akatazama.

Sensa mpya ikafungwa, maji yakajazwa, gari likawashwa hadi likawa moto, likazimwa, likawashwa. Likaitika mara moja! Bakhtawar alishukuru Mungu kwa sauti. Kisha Wasaya akamvuta pembeni.

"Shemeji, feni sasa itajiwasha yenyewe. Ile swichi niitoe?"

Bakhtawar alimtazama mumewe aliyekaa garini, kidole juu ya swichi. "Iache," alinong'ona. "Hata ikiwa haifanyi kitu. Nakuomba, iache."

"Vibovu ni macho, masikio bado mazima!" aliita mzee. "Wasaya, itoe. Mimi si mtoto wa kupewa usukani wa plastiki."

Ikatolewa. Likabaki tundu.

Wakaanza safari ya nyumbani. Mara mbili mkono wa mzee ulikwenda kwenye tundu, ukarudi gotini. Bakhtawar alijiona kama aliyekwenda kuliponya gari akamwacha mume gereji, na roho ilimuuma kweli. Kwenye kivuko cha reli geti lilikuwa limefungwa. Wakasimama juani, injini ikinguruma, joto likipanda. Hakuweza tena kuvumilia.

"Baba Shaukat, limepata joto?"

"Kaulize sensa."

"Nakuuliza wewe."

Kiganja cha mzee kikapanda taratibu juu ya dashibodi. Akainamisha kichwa, akavuta pumzi puani.

"Bado."

Treni ya mizigo ikapita, mabehewa hayaishi.

"Bado kidogo," alisema. Behewa la mwisho likapita. "Haya. Sasa."

Mbele yao kukasikika tik, na feni ikavuma.

Bakhtawar alicheka, akacheka hadi machozi yakamtoka, geti likafunguka, na wa nyuma wakaanza kupiga honi. Mzee akaegemea kiti, akakunja mikono kifuani.

"Kidude chenu kinafaa," alisema. "Kinachelewa kidogo, lakini kitajifunza."