Mlango wa Baba Ukutani Gitega

Mdogo wangu wa kike alizaliwa kambini, Tanzania. Nalisema hilo mapema kwa sababu wanaomsikia redioni wanadhani alikimbia vita kwa miguu yake mwenyewe. Hakukimbia popote. Siku tuliyotoka Giheta, kwetu Burundi, alikuwa tumboni mwa mama, na mimi ndiye niliyeng'ang'ania kitenge cha mama nisipotee njiani.

Leo yeye ni msanii. Anachora nyumba za watu waliorudi wakakuta wengine wanaishi ndani, na kila penye mkutano wa kudai mashamba picha zake zimetangulia. Ameitwa Bujumbura, ameitwa Kigali, ameitwa mpaka Ulaya. Mimi nashona sare za shule katika soko la Muyinga, na kazi yangu naipenda. Lakini nikimsikia anasema "nyumbani kwetu Giheta" kwa ile sauti yake ya redioni, mguu unakanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi unakatika. Ni wivu. Sina jina lingine la kuupa.

Maana nyumba hiyo niliijua mimi. Kambini tulipanga foleni ya maji tangu asubuhi, naye alikuwa mtoto wa kulialia, na dawa yake ilikuwa moja tu: kumsimulia nyumbani. Nilimweleza migomba ya uani, jiko la mama lililoegemea ukuta, mlango wa mbao ambao baba aliupaka rangi ya buluu mwaka nilioanza shule. Nikichoka ananivuta gauni, "Dada, halafu?" Ndoo zikijaa tunaenda zetu, na mimi nikidhani maneno yamebaki pale bombani. Kumbe mwenzangu alikuwa anaweka akiba.

Tuliporudi Burundi tulikuta shamba la Giheta linalimwa na watu wengine, tukaishia Muyinga kwa shangazi. Mdogo wangu akaanza kwa kuchora vibao vya wabadilisha pesa pale mpakani Kobero, na mapambo nyuma ya malori. Wakati ule nilimfurahia kweli. Kuna lori alilichorea simba mwenye uso wa mbwa aliyeshiba, nikacheka mpaka machozi. Ningejua simba yule angemfikisha mbali hivi, ningecheka kidogo.

Akahamia Gitega, akaacha malori, akaanza kuchora kwenye magunia makubwa yaliyounganishwa. Aliyeyaunganisha nani? Mimi, kwa cherehani yangu, tena kwa mshono wa kurudia ili yasichanike yakitundikwa. Mtangazaji wa redio akamuuliza wazo la magunia alilipata wapi. "Kambini," akajibu. Akamuuliza tena nani alimsimulia habari za Giheta. "Kumbukumbu ni za watu wote," akasema bibie. Nikazima redio, nikampigia simu.

"Watu wote ndio nani? Hao watu wote walikuwa wamebeba ndoo kichwani?"

"Dada, acha tu," akasema, akabadilisha mazungumzo.

Nikaacha, lakini mdomoni tu. Wateja wakinisifia mdogo wangu nilikuwa nawapimia kiuno bila kujibu.

Juzi juzi alinialika Gitega kwenye maonyesho. Nilivaa kitenge changu cha Krismasi, nikasema moyoni kwamba leo, mbele ya watu wake wakubwa, atanisimamisha na kusema huyu ndiye aliyenisimulia. Alinipokea mlangoni, akanikumbatia, akanikalisha mstari wa tatu na soda mkononi. Hakunitambulisha kwa yeyote.

Picha kubwa ilikuwa imefunikwa shuka. Walipoivuta, soda ilinimwagikia mapajani. Ilikuwa nyumba yetu. Watu walikuwa wanashusha mabati, na mbele yao mwanamume alikuwa amejitwisha mlango wa buluu, huku kwapani amebana muwa. Mtu huyo namfahamu. Alikuwa jirani, tukimwita baba mdogo, na asubuhi ya siku ile ile tuliyokimbia alikuwa amenikatia muwa. Nilimwona anaondoka na mlango wetu nikiwa nimelala kifudifudi kwenye mtama. Sikukumbuka kama niliwahi kumwambia mdogo wangu habari ya muwa. Nilimwambia, bila shaka. Angeijulia wapi?

Mzee mmoja akavua kofia. Mama mmoja akainuka, akamkumbatia mdogo wangu, akamwambia, "Pole kwa yaliyokupata, mwanangu." Naye akaipokea ile pole, macho chini, mikono kifuani. Pole yangu! Nilitamani kwenda kumnyang'anya.

Ndipo akasimama bwana mmoja wa utawala aliyekuwa amekaa mbele kabisa. Aliitazama picha kwa karibu, kisha akamgeukia mdogo wangu na Kiswahili chake cha kuchanganya Kifaransa.

"Bon, madame. Huyu mtu iko na mlango kichwani, ni nani? Kwa sababu nasikia watu hapa wanaanza kumtaja, na huyo wanamtaja iko na watoto pale Giheta."

"Ni picha tu, mheshimiwa."

"We ulizaliwa Tanzania, c'est ça? Alors, nani alikuambia hii mambo? Iko mtu aliona? Ama unatuletea uongo wa kugombanisha watu?"

Mdogo wangu hakusita hata kidogo. "Hakuna aliyeniambia, mheshimiwa. Nimetunga kichwani mwangu."

Nimetunga! Mlango wa baba, mabati, mimi na mtama usoni, vyote vimetungwa. Nilivumilia kuitwa watu wote. Kuitwa hakuna mtu kulinishinda. Damu ilinipanda, nikajikuta nimesimama.

"Mimi niliona," nikasema.

Vichwa vyote viligeuka. Mdogo wangu akaja mbio kati ya viti, akanishika mkono kwa nguvu, akaninong'oneza sikioni.

"Dada, kaa chini, nakuomba. Unadhani kwa nini sijakutaja miaka yote hii? Mimi wakinichoka kuna watu nje ya nchi watanipokea. Wewe kibanda chako Muyinga kila mtu anakijua. Wakikufuata, utakwenda wapi?"

Nilimtazama, nikaanza kuzikumbuka zile redio, zile "acha tu", kila mahali nilipolitafuta jina langu nikalikosa. Alikuwa amelificha. Laiti ningeweza kusema wivu uliniisha pale pale. Haukuniisha. Hata katika kunilinda alikuwa amenizidi, kimya kimya, miaka yote, na hilo nalo liliniuma.

Bwana yule alikuwa amekwisha kutoa kalamu mfukoni.

"Na we, mama, ni nani?"

"Ni mgonjwa, mheshimiwa, msamehe," mdogo wangu akawahi.

Nikautoa mkono wake mkononi mwangu, taratibu. Nikamtajia yule bwana jina langu lote, na la baba, polepole, ili asikosee kuandika.