Nyuzi 36 kwenye chumba cha baridi

Leo nilijua kazi sina.

Kipimajoto cha ghala letu la Mgeta, mizani na lori vyote hutuma taarifa kwenye mfumo mmoja. Ninachokiona mimi hapa Morogoro mjini, mnunuzi wa Dar anakiona pia.

Asubuhi chumba cha karoti kikasoma nyuzi 36.

Mnunuzi akapiga: "Dada, unaniuzia karoti au supu?"

Nikampigia mlinzi wa ghala. "Shikamoo mzee. Kile kifaa cha ukutani kiko salama?"

"Marahaba mwanangu. Kilikuwa kinalowa, nikakionea huruma. Ninacho kifuani, ndani ya sweta."

Nikamweleza mnunuzi.

Akajibu:

"Basi lete mzigo. Na mwambie mzee hana homa."

Mimi bado sijaweza kucheka. Ninyi chekeni tu.