Saa Mbili za Mama Mkubwa, Maskati

Nilikwenda Maskati kutafuta radhi. Nasema mapema, maana mashoga zangu wa Granville, mtaa wetu hapa Sydney, hadi leo wanadai nilifuata dhahabu.

Mama Mkubwa Zuhura, dada wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita, kwanza Unguja, kisha Maskati alipomfuata mumewe. Nilipokua akanitafutia mchumba. Nikamkataa, nikaja zangu Australia kusoma. Siku naondoka aliniambia, "Nenda. Lakini radhi yangu inabaki hapa." Miaka kumi na sita tukawa tunasalimiana kwa simu tu: hujambo, sijambo, haya kwa heri. Ikaja korona, akalazwa, akawekewa oksijeni. Mimi niko Sydney, mipaka imefungwa, hata kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka nyumbani ni kosa. Wallahi nililia mpaka jirani akagonga ukuta. Mungu si Athumani, akapona. Nikaapa kwamba mlango ukifunguliwa tu, naondoka.

Granville, wiki mbili kabla ya safari. Mipaka ilifunguliwa Novemba, na likizo niliyopata ni ya siku chache. Sasa, mjue kazi yangu: napanga miadi katika kliniki ya macho kule Liverpool, ya hapa hapa Sydney, si ya Uingereza. Kila mgonjwa ana dakika zake, na akichelewa anarudi mwisho wa foleni. Basi nikaketi mezani nikaipanga na Maskati vivyo hivyo. Nyumba kumi na moja za jamaa, dakika arubaini na tano kila moja. Soko la Matrah, saa moja. Mama Mkubwa, Jumamosi, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Kwa heshima yake nilimpa muda mrefu kuliko wote. Nikatia na rangi.

Binti yangu Salma akachungulia, akaniambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini hakisemi, kwamba wale ni jamaa zetu, si wagonjwa. Nikamwambia akaoshe vyombo. Ratiba nikamtumia dada Rukia, binti wa Mama Mkubwa, naye, Mungu amsamehe, akaisambaza kwa ukoo mzima.

Alhamisi, uwanja wa ndege wa Sydney. Cheti cha chanjo mkononi, pua bado inawasha kwa kile kijiti cha kupimia, barakoa mbili usoni. Sanduku langu nusu lilikuwa mizigo ya watu, maana Mswahili akisafiri, mtaa mzima unasafiri naye. Vitamini za mama wa fulani, viatu vya mjukuu wa fulani, na losheni ambayo hata Maskati naamini inauzwa.

Ijumaa asubuhi, Maskati. Rukia alinipokea kwa vigelegele vilivyozimwa na barakoa. Garini nikamuuliza habari za hoteli niliyomwomba anishikie.

"Hoteli? Watu waseme kwetu hakuna godoro?"

"Lakini imo kwenye ratiba, Rukia."

"Ratiba! Ukoo mzima tumeicheka mpaka mbavu. Ila mmoja hakucheka."

Sikuuliza ni nani. Niligeukia dirishani nikautazama mji: nyumba nyeupe fupifupi, barabara safi, na nyuma yake majabali meusi yasiyo na jani hata moja. Kule Riyam wamejenga chetezo kikubwa juu ya kilima, kana kwamba mji mzima unafukizwa udi.

Saa tano tulifika kwa Ami Khalfan, nyumba ya kwanza kwenye ratiba. Kahawa, tende, halwa. Dakika arubaini na tano zilikwisha hata habari za watoto hatujazimaliza. Nikachungulia saa.

"Vipi, unangoja saa ya kunywa dawa?" akauliza Ami.

Ndiyo kwanza likaja sinia la wali na nyama ya shuwa, ile inayookwa shimoni. Kuondoka hakukuwezekana mpaka alasiri, kilipoletwa chetezo. Ndiyo ada yetu: mgeni hujifukiza nguo, akaaga. Baada ya udi hakuna kuketi, wasemavyo. Mwenye nyumba akileta chetezo, ziara imekwisha. Siku ile nilikuwa nimepanga nyumba tano, nikamaliza mbili, tumbo limenijaa kama ngoma.

Jumamosi, saa kumi kamili, nilikuwa mlangoni kwa Mama Mkubwa. Alikuwa amekonda, lakini macho ni yaleyale. Nikainama nibusu mkono, akanipa kiwiko. Ni korona au ni kinyongo? Sikujua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Salma hajambo?"

"Hajambo."

Kikombe kimoja cha kahawa. Kisha akainuka mwenyewe, akaingia ndani taratibu, akarudi na chetezo kinafuka moshi. Akakiweka mbele ya miguu yangu.

"Jifukize. Usije ukamchelewea mgonjwa mwingine."

"Mama!" Rukia akaruka.

"Nini? Nimepewa saa mbili, nimetumia robo. Zilizobaki namsamehe."

Masikio yaliniwaka. Miaka kumi na sita, mabara mawili, vijiti vya pua, na nafukuzwa kwa udi! Aibu ilinishika, na chini ya aibu nikajua ana haki. Nikakibeba chetezo kwa mikono miwili hadi jikoni, nikamwaga makaa kwenye sinki. Nikarudi, nikaketi chini, miguuni pake.

"Mama, sina pa kwenda."

"Na kesho?"

"Kesho niko hapa. Na keshokutwa mpaka saa ya ndege. Anayenitaka atanikuta hapa."

Akaniangalia mikono.

"Umeungua?"

"Kidogo."

"Mjinga wewe! Chetezo cha moto hubebwa hivyo? Rukia, lete maji!" Sauti ilikuwa ileile aliyonigombeza nayo utotoni, na machozi yakanitoka kwa furaha.

Jumapili ukoo wote ulikuja pale, na kila mtu ananiuliza zamu yake ni ya saa ngapi. Mama Mkubwa akanikalisha na ungo nichague mchele. Tukiwa wawili akasema, "Hospitali nilikuwa nahesabu nani sijamwona. Nilianza na wewe." Nikaendelea na mchele.

Jumatatu, gari likingoja mlangoni, alinyoosha mkono, si kiwiko. Nikaubusu.

"Nimekuwia radhi, mwanangu, duniani na akhera. Toka zamani. Ila kwa simu nilikataa kuisema."

Rukia akaja na chetezo, kama ada.

"Kirudishe," akasema Mama Mkubwa. "Nani kakwambia huyu anaondoka? Anakwenda kumchukua Salma."

Sydney, nilitakiwa kujifungia ndani siku tatu. Soko la Matrah sikuliona, na msikiti mkubwa niliuona kwa dirisha la gari. Nilichojifunza nitakisema bila maringo: mtu aliyekulea humpangii muda, unakwenda ukaketi. Nilipofungua sanduku, Salma alinusa udi kwenye nguo moja moja, akauliza, mara hii kwa Kiswahili chake cha kusuasua, "Udi ya Nyanya Zuhura iko wapi?"

Nikamwambia wa kwake haumo. Ziara ya kwake bado haijaisha.