Kalamu Zilizoruka Upande wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini, Munganga Kabeya, daktari mkuu wa huduma ya magonjwa ya akili katika hospitali yetu pale Kolwezi, alinikalisha mimi kwenye kiti cha wagonjwa. "Mama, hautabandika kitu ku kichwa ya mutu kama habayakubandika weye kwanza," akasema. Akanipaka uji mzito wenye chumvi, akanibandika elektrodi, yaani visahani vidogo vya chuma vyenye nyaya, kisha akawasha mashine. Kalamu zikachora mistari kwenye karatasi ndefu iliyokuwa ikitembea. Ghafla zikaruka juu. "Yesu wangu, niko mugonjwa!" nikapiga kelele. Kabeya alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe nilikuwa nimepepesa macho tu.

Mashine ile tuliiita EEG. Haikutoa picha za rangi kama hizi mnazojivunia ninyi vijana. Ilifuata umeme mdogo wa ubongo na kuuchora, basi. Mimi nilikuwa nimetoka chumba cha radio, yaani eksirei, na radio ya kichwa hukuonyesha mfupa, haikuambii kwa nini mtu anazungumza na ukuta. Baadaye nilipelekwa hospitali ya Likasi chini ya mkurugenzi mmoja mwenye kelele nyingi, nikarudishwa Kolwezi, na nilifurahi sana kumkuta Kabeya yuko palepale na miwani yake.

Kisha mambo yakaharibika. Shimo la mgodi wa shaba likaporomoka, mitambo ikazimwa moja baada ya nyingine, na wakubwa wakawaambia watu kwamba mkosaji ni Mkasai, yaani mtu ambaye babu zake walitoka mkoa mwingine. Watu waliozaliwa hapahapa mtaani Musonoi, watoto wa waliochimba shaba pamoja na baba zetu, wakatolewa nyumba kwa nyumba. Walilala kituo cha reli na masufuria yao, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka mkoa wa babu zao. Kabeya naye alikuwa Mkasai. Alikuja kazini hivyohivyo, na tai shingoni.

Ndipo akaja Tata Ngoyi, baba mmoja mchimbaji, Mkasai naye, akimshika mkono mke wake Ntumba, mwalimu wa shule ya msingi. Ntumba alikuwa akikatika katikati ya maneno, akitafuna mate, akivua nguo bila kujua, kisha akirudiwa na fahamu na kuuliza kwa nini watu wanamtazama. Kituoni abiria wenzao walikuwa wamekataa kupanda naye.

"Treni inasimama mu pori," Ngoyi alisema, macho chini. "Akikimbia bila nguo, nani atamufwata? Nitamwacha kwa masista. Batoto nitakwenda nao."

Ntumba alikuwa anasikia yote hayo. Sijasahau uso wake.

Kabeya akataka tumpime kwa mashine. Muuguzi akaleta wembe, anyoe nywele ili elektrodi zishike. Ntumba akapiga kelele: "Nani amekufa?" Kwao, na kwetu pia, kunyoa ni msiba, na yule mama alikuwa na misiba ya kumtosha. Nikamfumua misuko polepole, nikagawa nywele mstari kwa mstari, na Munganga mzima akasimama pembeni kunishikia kitana. Nani kati yenu amewahi kuona mkuu wa huduma akishika kitana?

Mistari ikatoka mizuri kabisa. Ngoyi akainuka. "Munaona? Hakuna bugonjwa. Basi iko bulozi."

"Ikala, tata," Kabeya akasema, akimrudisha kitini. "Leo karatasi haionyeshe kitu. Haiseme kichwa iko muzuri. Asilale leo. Kesho ubongo ikichoka, itasema yenyewe."

Ngoyi na mimi tulimkesha kwa nyimbo za kanisani, na nilikuwa naimba vibaya. Asubuhi umeme ulikatika. Kabeya akaenda mwenyewe kumwomba mkuu wa karakana atuwashie jenereta. Mtu aliyeambiwa mji huu si wake, anawaombea umeme wagonjwa wa mji huu! Ntumba akasinzia, na upande wa kushoto, juu ya sikio, kalamu zikaanza kuruka, kali, tena na tena. Safari hii hakuna aliyepepesa macho.

"Njo huyu!" Kabeya alinong'ona, kidole juu ya mistari. Akamgeukia Ngoyi. "Haiko mulozi, haiko muwazimu. Iko kifafa yenye kujificha. Dawa iko."

Ngoyi alilia kwa sauti kama mtoto.

Behewa lilipokuja, Ntumba alipanda pamoja na Ngoyi na watoto wao, vidonge mkononi mwake mwenyewe, kwa amri ya Munganga. Watu wakaanza kunung'unika. Kabeya akapanda nyuma yake na sanduku moja, akaketi kando yake. "Mama huyu ni mugonjwa wangu," akasema, "na mi naenda naye." Wakasogea. Mmoja wa vijana wetu waliokuja kuwafukuza akanizomea kwa kuwasindikiza. Nikamwambia anyamaze, kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Baada ya Kabeya kuondoka, mashine ilikuwepo, mimi nilikuwepo. Nilirekodi vichwa miaka mingi, na kwa muda mrefu karatasi zilikaa bila mtu wa kuzisoma. Sijui ni wangapi waliofungwa kamba majumbani ambao kidonge kingewatosha. Hilo linaniuma hadi leo.

Siku ya kustaafu kwangu, mkurugenzi wa hospitali aliniuliza mbele ya ukumbi nani alinifundisha kazi. Nikajibu: "Munganga Kabeya, Mkasai, yule tuliyemfukuza." Baadhi ya waliokaa pale niliwaona kituoni siku ile, na hawakuwa abiria. Nikalitaja jina lake tena.