Sauti Iliyopondwa kwa Mchi

Juzi pale Dunda, fundi redio aliniwekea tepu rekoda kuukuu, maana anajua nazikusanya. Harufu ya plastiki iliyoungua mezani kwake ikanirudishia kishindo cha mchi.

Nilikuwa mtoto mdogo, tukiishi Mlingotini. Bibi yangu alikuwa kungwi, na asubuhi ile alimfunda mwali chumbani kwa nyimbo ambazo mwanamume haruhusiwi kuzisikia. Mjomba Seifu, mwanawe, aliificha rekoda yake uvunguni mwa kitanda, ikirekodi. Alasiri akawawekea rafiki zake mkanda ule barazani, wakaangua kicheko.

Bibi alitoka na mchi, wanawake nyuma yake.

"Nimekuzaa uje univue nguo hadharani?"

Walimpiga mjomba mpaka akatema jino, kisha wakaigeukia rekoda. Sauti ya bibi iliimba huku ikipondwa, ikakwaruza, ikakatika. Bibi mwenyewe aliuchomoa mkanda kama utumbo wa samaki, akautia jikoni kwenye makaa.

Nililia sana. Niliamini wanamuua bibi wa mle ndani ya rekoda. Wakanicheka.

Miaka baadaye bibi alikufa, makungwi wenzake wakamfuata, na nyimbo zile hakuna tena anayezijua. Kila rekoda ninayonunua naiwasha, naisikiliza ikivuma tupu. Kilio changu hakikukosea.