Fundi Vitasa Asiyewafungia Wapangaji Nje

Saa mbili asubuhi, fundi vitasa amepiga magoti mbele ya mlango wa bluu, bisibisi mkononi. Mwenye nyumba amesimama nyuma yake, hatulii.

"Badilisha upesi, mama. Huyu mpangaji akirudi kazini, ajue mwenyewe pa kwenda."

Mkono wa fundi unasita. Anachungulia dirishani. Sare ya shule inaning'inia kwenye kamba, vikombe viwili viko mezani. Anainuka, anakung'uta vumbi.

"Amri ya mahakama iko wapi, baba?"

"Ya nini? Nyumba si yangu?"

"Ni yako. Ila humu anaishi mtu. Bila hiyo karatasi, sigusi."

Anafunga sanduku lake la vifaa. Kwa jirani anayeanika nguo anaacha namba ya simu ya ofisi ya msaada wa sheria. "Mpe mwenzio. Mwambie asihame kwa vitisho, na aende na mkataba wake."

Mtaani wanamwita Mama Funguo. Ana miaka hamsini na miwili, na siku nzuri humpa kazi tatu. Mwezi uliopita alizikataa tano za namna hii.

Ana sababu. Miaka kumi na minne iliyopita alikuwa dobi katika nyumba ya wageni, mjane wa mwaka mmoja, nyuma kwa kodi ya miezi miwili. Jioni moja alirudi akawakuta wanawe wawili wamekaa kizingitini na mabegi ya shule.

"Ufunguo ukagoma kuingia. Nikajaribu tena na tena kama mwendawazimu," anasimulia. "Mdogo ana pumu. Akaniambia, 'Mama, dawa yangu iko ndani.'"

Walijibana kwa wifi yake, watu saba chumba kimoja, na dawa ikabidi waiazime kwa jirani. Wifi ndiye aliyemburuta hadi ofisi ya msaada wa sheria.

"Mimi nilikuwa naona aibu. Nilidhani mwenye deni hana la kusema. Binti wa pale akaniuliza, 'Ulipewa notisi? Uliitwa mahakamani?' Nikasema hapana. Akachukua kalamu. 'Basi mama, deni utalilipa, lakini kukufungia nje mwenye nyumba hana ruhusa.'"

Siku ya tano mahakama iliamuru mlango ufunguliwe, na deni lilipwe kidogo kidogo. Aliyeletwa kuufungua alikuwa fundi yuleyule aliyeufunga.

"Nilikuwa nimemwandalia matusi ya kutosha," anasema, anacheka hadi machozi. "Akaniwahi. Akasema, 'Dada, nisamehe, sikujua kuna watoto.' Nikamwambia, nitakusamehe ukinifundisha kazi."

Fundi huyo, sasa mzee aliyestaafu, anakumbuka vizuri. "Nilidhani ananitania. Kesho yake nikamkuta mlangoni kwangu, kilemba kichwani, ananiuliza nimechelewa wapi!" Alimfundisha miezi minane bila malipo. "Kanipita ufundi," anasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Na utu pia."

Si kila mtu anamsifu. Wako wenye nyumba wanaomwita jeuri, na siku nyingine hurudi nyumbani mikono mitupu. Yeye hana kinyongo nao.

"Mwenye nyumba naye anakula kwa hiyo kodi. Aende mahakamani. Akishinda, nitabadilisha kitasa mchana kweupe, mpangaji ameshatoa vitu vyake."

Sasa anawazungukia mafundi wenzake sokoni. Wako kumi na mmoja, na sita wameshakubali kutobadilisha kitasa cha nyumba yenye mtu bila amri. Mwezi ujao mwanasheria atakuja kuwaonyesha amri halali inavyoonekana, wasidanganywe kwa mihuri ya kuchonga.

"Nawataka wote kumi na mmoja," anasema Mama Funguo. "Mwenye nyumba akikosa fundi wa kumfungia mtu nje, itabidi aende mbele ya hakimu. Na huko, mpangaji naye ataulizwa ana lipi la kusema."